Kifaa Kisicholala

Hilali aliteremka kwenye basi kijijini Choma akiwa hoi. Safari nyingine tena kutoka Tabora, na ubovu ni ule ule: kifaa chake pale lamboni, kinachopima maji na kuwapa wafugaji habari kwa simu kabla hawajaswaga mifugo, kilikuwa kimekata moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Koleta, mwenyekiti wa kamati ya lambo. "Hicho kidude chako kimelala tena. Ng'ombe wametembea juani, wamekuta tope. Kikizima tena tunaking'oa, mwanangu, turudi kumtuma mtu akachungulie."

"Afadhali kingelala, mama. Kinakesha mpaka kinamaliza betri."

Ndani ya kifaa, kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine, ndicho mgawa umeme. Programu ya Hilali ikitaka kupima, huomba. Kiini huamsha kipimo pamoja na saa inayokipa mapigo. Programu ikisema imemaliza, kiini huzima vyote. Ofisini kwake Ipuli, mjini Tabora, alipokijaribu kwenye ndoo ya maji, mambo yalikwenda sawasawa.

Hilali akaketi barazani kwa Koleta na kompyuta mapajani, macho yakimuwasha. Koleta akamwekea ugali na mlenda.

"Kula. Na leo uage. Siku ile tumekuwekea chakula jikoni, moto unawaka, kuni zinateketea, kumbe bwana mkubwa kazi imemshinda, kapanda bodaboda kimya kimya!"

"Nilikuwa na hasira, mama."

"Ndiyo usiage? Sisi tungejuaje kama umeondoka?"

Tonge likamganda mkononi. Ng'ombe wakishakunywa, maji hurudi nyuma, kipimo kikabaki kwenye tope, na kupima kukashindikana. Akaifungua programu yake. Kumbe ikishindwa kupima, ilijiondokea pale pale bila kusema imemaliza. Kiini kikaendelea kuingoja, saa ikidunda, betri ikinyonywa. Na ndoo ya Ipuli haikuwahi kukauka hata mara moja.

Akaandika mstari uliokosekana: hata ikishindwa, programu iseme imemaliza. Ng'ombe walipokuja lamboni wakanywa wakaondoka, aliunganisha mita kwenye waya wa betri. Kupima kulishindikana, mshale ukashuka taratibu, ukatulia karibu na sifuri.

"Kimekufa?" Koleta akauliza.

"Kimelala. Kitaamka chenyewe, kipime, kilale tena."

Koleta aliutazama mshale. "Haya, kibaki. Tutaona."

Hilali akakusanya waya zake. Mgongo ulimuuma, na basi la kurudi lilikuwa bado mbali. Alikwishafika barabarani alipogeuka, akarudi mpaka mlangoni kwa Koleta.

"Mama, naaga."

"Ehee! Ngoja nivae kandambili nikusindikize."