Programu Isiyohitaji Mwalimu

Katika karakana ya makabati, mezani kwa mchoraji palikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia mzee waliyembandika jina la Profesa, ingawa chuo kikuu alikiona kwa nje tu. Cha pili kilikuwa cha wageni, na hakikupoa.

Wageni wenyewe ni wafanyakazi wenzake. Programu ya kompyuta ya kuchorea makabati ilikuwa ngumu ajabu. Ukikosea kidogo, mlango wa kabati unafungukia ukutani. Profesa alijifunza mwenyewe, kwa ubishi, mwaka aliofiwa na mkewe. Wengine walimtegemea yeye.

"Profesa, nimepoteza droo tena!" Kidoti, dada wa mauzo, alizoea kusema huku akijitupa kitini.

"Hujaipoteza, umeificha. Ungekuwa unaficha mshahara hivyo, leo ungekuwa tajiri."

"Tajiri kwa mshahara huu? Baba, acha utani."

Kisha zilifuata habari za mwanawe, za mafua, za mwenye nyumba wake. Droo Profesa aliiona zamani, ila hakuwa na haraka ya kusema. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumwuliza hata kama amekula.

Siku moja bosi akamwita. "Mzee wangu, kuna programu mpya. Wanasema haina haja ya kufundishwa. Zijaribu zote mbili, uniambie tubaki na ipi. Utakalosema ndilo hilo."

Profesa aliifungua ile mpya akiitafutia kosa. Ukivuta kabati, linakaa lenyewe mahali pake. Ukikosea, linarudi. Akaiagiza kabati la mviringo, ikashindwa.

"Nimekupata!" akasema kwa sauti, peke yake chumbani.

Sababu ya kuikataa ilitosha, na hakuna ambaye angembishia. Lakini ni mteja gani aliyewahi kutaka kabati la mviringo? Alikuwa bado anajiuliza hivyo Kidoti alipoingia, jasho likimtoka.

"Baba, nisaidie upesi. Mchoro umekataa, mteja ananuna, na mwanangu yuko peke yake getini shuleni. Wenzake wote wameshachukuliwa."

Safari hii Profesa hakuchelewesha. Aliurekebisha papo hapo, Kidoti akatoka mbio bila kuaga. Mzee akabaki akikitazama kile kiti. Kisha akainuka, akaenda kwa bosi.

"Chukua ile rahisi," akasema, akarudi kabla hajaulizwa kwa nini.

Watu walifurahi. Michoro ilitoka mapema, Kidoti akawa anawahi shuleni. Kila asubuhi alipita mlangoni, "Shikamoo, Profesa!" na itikio likamkuta ameshafika mbali. Kiti cha pili kilichukuliwa kwenda mapokezi, na hakuna aliyeona haja ya kumwomba ruhusa. Profesa alishinda akisikiliza msumeno wa upande wa pili.

Alasiri moja alivaa miwani, akaenda hadi mezani kwa Kidoti.

"Mwanangu, hivi rangi hapa inabadilishwaje?"

Kidoti alicheka. "Wewe? Leo jua limechomoza wapi? Haya, angalia. Unabonyeza hapa, unachagua. Basi."

"Basi?"

"Basi, baba. Ndiyo raha yake."

Simu yake ikaita, akanyoosha mkono kuipokea.

"Hebu rudia," Profesa akasema, akiinama karibu na kioo. "Sijaona vizuri."