Mtindo Ambao Mama Atauweza

Mimi ni kinyozi wa wanaume, na wanaume ni watu rahisi: mashine, wembe, spiriti kidogo kisogoni, haya nenda salama. Nywele hasa nimefundishwa na kichwa cha binti yangu. Mama yake alipoondoka aliniachia mtoto mdogo mwenye nywele nene za kujisokota, nywele zinazovunja vitana kama njiti. Tulilia wote wawili mpaka nikazijua. Hazichanwi kavu hata siku moja, lakini hukatwa kavu, kwa sababu zikilowa hurefuka na kukudanganya, kisha zikikauka hujikunja, na wewe uliyedhani umepunguza ncha unakuta umemaliza kichwa. Basi kila Jumamosi nikishamaliza wateja alipanda kwenye kiti changu na mimi nikashughulika. Nilimpa jina la Kichaka. Wateja nao wakalidaka, na yeye hakuwahi kulikataa.

Sasa Kichaka amekuwa msichana mkubwa, na anahamia kwa mama yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mama yake ameolewa tena, ana nyumba yake mji wa pili, na mtoto amesema anataka kumjua mama aliyemzaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na wakisema hivyo wanamfikiria mama. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimjibu sawa. Nikaenda nyuma ya duka nikaosha taulo ambazo zilikuwa safi.

Siku ya kuondoka alikuja dukani asubuhi, begi mkononi, akakaa kwenye kiti.

"Baba, leo nataka kukata."

"Kupunguza ncha?"

"Kukata. Ziwe fupi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo jingine kabisa. Nilitaka kumkata kwa ngazi, juu zipungue, chini zishuke mpaka mabegani. Ni mtindo mzuri, lakini unadeka. Usipopata mkono unaoujua kila baada ya siku chache unageuka kiota cha kunguru. Na mkono unaoujua ni huu wangu. Angelazimika kupanda basi kila Jumamosi kuja kwangu. Ndivyo nilivyopanga, wala sioni haya kusema.

"Wewe una uso wa mviringo," nikamwambia. "Zikiwa fupi utakuwa kama sahani."

"Bibi ana uso huuhuu na nywele hizihizi. Ulimkata fupi, ukamwambia amerudia usichana."

"Bibi yako ni mama yangu. Ulitaka nimwambie amekuwa sahani?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikadhani nimeshinda. Nikamvisha kitambaa, nikaanza kumweleza habari za ngazi, jinsi zitakavyomlainisha mashavu, jinsi zitakavyocheza akitembea. Ulimi wangu siku hiyo ungeweza kumuuzia kipara kitana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama hatauweza mtindo huo," akasema.

"Kwani lazima auweze yeye?"

"Ile siku niliyolala kwake alijaribu kunichana. Alinichana kavu, baba. Si unajua nywele zake ni za singa, hajui. Mimi nilivumilia, lakini yeye ndiye aliyelia. Akasema, hata nywele za mwanangu sizijui." Alikuwa anachezea ukingo wa kitambaa. "Sitaki alie tena kwa sababu ya kichwa changu."

"Basi utakuja kwangu kila Jumamosi. Nitakuchana mimi. Kuna ubaya gani?"

"Nikikaa kwake na kuchanwa kwako, itakuwa kama sijahama."

"Ndiyo," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Tukatazamana kwenye kioo. Yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

"Baba, nataka nihame," akasema polepole, kama mtu anayeomba radhi. "Nakupenda. Lakini nataka nihame kweli."

Nikachukua mkasi. Kinyozi akitaka kuharibu kichwa, hakuna wa kumkamata. Atasingizia nywele, atasingizia mteja kutikisika. Ningeweza kumkata vibaya, na kila atakayemwona angesema arudi kwa baba yake akarekebishwe. Nililifikiria hilo, Mungu ananiona. Kisha nikashika msokoto wa kwanza, nikautazama unapopindia, nikaukata hapohapo. Nikaenda hivyo, msokoto mmoja mmoja. Kisogoni nilizishusha sana ili shingo ionekane. Juu nikaziacha zimejaa, ziuvute uso uonekane mrefu. Sijawahi kukata vizuri namna ile. Moyo ulikuwa unaniuma mpaka nikawa napumua kwa mdomo.

Nilipomvua kitambaa, alijigeuza huku na huku. Shingo yake ilikuwa ndefu, na macho yalikuwa makubwa kuliko nilivyowahi kuyaona. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nimeyafunika.

"Nimekuwa sahani?" akauliza.

"Umependeza," nikasema. "Umependeza sana, mwanangu."

Mama yake alifika wakati nafagia. Alisimama mlangoni akaweka mkono mdomoni.

"Jamani! Huyu ni mwanangu huyu?" Akamzunguka, akataka kumshika kichwa, akaogopa, akaurudisha mkono. Kisha akanigeukia. "Baba mtoto, zikianza kukua nifanyeje? Nimlete kwako?"

Kichaka alinitazama kwenye kioo. Alikuwa anasubiri nitakalojibu, na nilijua kwamba nikisema "mlete" ataletwa.

"Si lazima," nikasema. "Hebu njoo hapa nikuonyeshe."

Nikamlowesha mtoto nywele, nikampa mama yake chanuo la meno mapana. Nikamwambia aanzie nchani, asianzie shinani. Mafuta ayapashe kwanza viganjani. Akikuta fundo asilivute, alifungue kwa vidole. Nilimwambia yote niliyojifunza kwa machozi ya mtoto na yangu, na yalimalizika upesi, nikashangaa kwamba ni jambo fupi hivyo.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo. Taratibu."

Kichaka akafumba macho, mabega yakamlegea. Nikarudi nyuma nikawapisha. Nilisimama nimeegemea ukuta wa duka langu mwenyewe, nikimwomba Mungu yule mama akosee, avute hata fundo moja, mtoto ashtuke aseme, "Baba, njoo wewe." Hakukosea.