Mstari wa Letisia

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi, Mzee Margwe alivaa koti lake zito, akachukua mkasi wa kupogolea na kreti sita, akaingia shambani kuvuna. Shamba liko Tlawi, nyuma ya nyumba, mistari minne tu ya mizabibu. Vipandikizi vililetwa na padri mmoja Mwitalia ambaye alishafariki, na kila mstari una kibao cha bati chenye jina la aina ya zabibu zake: Sangiovese, Malvasia, Nebbiolo, Barbera. Margwe alikuwa na desturi yake. Kila mtoto alipozaliwa alimpandia mstari. Barbera ulikuwa wa Letisia, kitinda mimba.

Mistari mitatu ilikuwa imezaa. Wa Letisia ulikuwa na majani mazuri na hakuna hata punje moja. Tawi lake moja, nene kama mkono wa mtu mzima, lilikuwa limeacha waya, likapita chini ya uzio, likaenda zake kusini.

"Hili limeondoka lini?" Margwe akamuuliza mkewe.

"Mwaka ule alioondoka mwenyewe," akasema Juliana. "Nilidhani umeliona."

Sasa, kuhusu huko kuondoka. Zamani, binti akipata mimba kabla ya ndoa alitolewa nje ya mpaka, akajifungulie mbali, asiguse chungu wala moto wa watu. Kisha baba yake alimfuata, akanywa kwenye kikombe cha binti watu wakiona, akamrudisha nyumbani, na maneno yakaisha. Siku hizi nani anahangaika na hayo? Mabinti wa jirani wamejifungulia hospitali na Jumapili wako kwaya, watoto mgongoni. Lakini Margwe akishika jambo ameshika. Alimtoa Letisia akiwa na mimba ya miezi minne, akamwambia atamfuata baada ya mavuno.

Na aliahidi kwa moyo wake wote, jamani, tusimsingizie mzee wa watu. Ila mavuno yakiisha kuna kukamua. Mvinyo ukishakamuliwa unangojewa utulie, ukitulia kuna kupogolea, na kupogolea kukiisha vichipukizi vimeshatoka. Miaka tisa ilipita hivyo.

Margwe akatia mkasi mfukoni. Alikusudia kulifuata tawi mpaka linapoishia, alikate, arudi na zabibu zake. Akampigia simu Alfredi wa bodaboda, wakafunga kreti nyuma ya pikipiki.

Tawi lilifuata barabara, likashuka mteremko wa Dareda, likaingia Hanang. Mahali fulani mafundi wa barabara walikuwa wamelipitishia kwenye kalavati ili greda lisilikate. Alfredi aliuliza mara moja tu.

"Mzee, hili si linakwenda kwa Letisia?"

"Angalia barabara," akasema Margwe.

Walipofika Masakta wakamkuta mama mmoja ameanika shuka juu ya tawi.

"Shikamoo mzee. Ni la kwako?"

"Marahaba. Ni la kwangu."

"Basi ungeliinua kidogo. Shuka zangu zinagusa vumbi."

Margwe akaona ni haki yake. Akaliinua, akalifunga kwenye nguzo kwa kamba ya katani, wakaendelea na safari.

Tawi liliishia Hirbadaw, kwenye nyumba ya chumba kimoja. Lilikuwa limeshusha mizizi mipya karibu na mlango, likapanda ukuta, likafunika bati lote, na zabibu zilining'inia kuzunguka nyumba nzima. Mbuzi wa jirani, mfugaji aitwaye Qamara, walipita chini yake bila kuonja. Letisia alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

Majirani walikuwa wema kwake. Walimpa maziwa, walimwangalizia mtoto alipougua. Lakini hapakuwa na mtu wa kuongea naye Kiiraqw, lugha ya kwao, isipokuwa binti yake Sara, na Sara naye alishaanza kumjibu kwa Kiswahili. Kila jioni Letisia alikaa chini ya mzabibu akautajia watu wa nyumbani, mmoja mmoja, mpaka na ng'ombe. Alikuwa mpweke, basi, hakuna neno jingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Margwe alisimama nje ya uzio.

"Shikamoo babu," akasema Sara, ambaye hakuwahi kumwona.

"Marahaba. Uko darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Soma kwa bidii."

Letisia akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimejaa maji. Alikinunua mwaka ule wa kwanza kwa kazi moja tu, baba yake akija akinywee, na hakuna mtu aliyewahi kukinywea. Akakishika kwa mikono miwili.

"Karibu maji, baba."

"Tuanze na zabibu," akasema Margwe. "Zimeiva kupita kiasi."

Akavuna kwa mkasi ule aliokuja nao kukatia tawi. Zilizokuwa upande wa njia alizifikia mwenyewe. Za juu ya bati Letisia alizichuma, akampitishia juu ya uzio. Kikombe kilikaa kwenye kigoda. Saa tisa kreti zote zilikuwa zimejaa.

"Mavuno yameisha, baba," akasema Letisia.

Hapo moyo wa Margwe ulimgonga, kweli ulimgonga. Alikitazama kikombe. Kulikuwa na jani limeelea ndani.

"Zikikaa juani zitaanza kuchacha," akasema. "Nikishakamua nitakuja."

"Baada ya mavuno."

"Ndiyo. Baada ya mavuno."

Mvinyo wa mwaka ule ulitoka mzuri kuliko wowote uliowahi kutoka Tlawi. Ulikuwa na ladha kidogo ya magadi, kama maji ya visima vya Hirbadaw. Juliana alionja mara moja, akaweka bilauri mezani, akalia waziwazi.

"Haya ni maji ya mwanangu," akasema.

"Ni udongo," akasema Margwe, akajimiminia tena.

Tangu hapo huenda kila Septemba, siku hizi kwa pikapu na kreti ishirini. Sara yuko darasa la sita, ndiye anayepanda juu ya bati. Margwe huvuna akiwa upande wake wa uzio, hukataa kikombe kwa upole, huaga, huondoka.

Letisia husubiri gari lipotee kwenye vumbi. Kisha hukichukua kikombe, huchuchumaa penye mizizi karibu na mlango, na huyamwaga maji polepole yasienee pembeni. Baba yake atayanywa mwakani ndani ya mvinyo, na Letisia analijua hilo. Hukifuta kikombe kwa kanga, hukitundika kwenye msumari, hurudi kwenye maharage yake.