Mtu wa Kofia Mferejini

"Mama Nzilani, ni mume wangu aliyekupa habari za yule mtu wa kofia?"

Nerima aliniuliza hivyo tukiwa tumeinama mferejini, kwenye bomba la maji la laini yetu ya nyumba, kila mmoja na karai lake la nguo. Hakunitazama. Alikuwa anasugua kola ya shati la mumewe Andati, kola iliyokuwa imetakata kitambo.

Nilicheka. "Mtu gani wa kofia, dada?"

"Usinichezee. Yule wa hadithi yako. Gazeti la kanisa limezunguka laini nzima, hata wale wasiojua mlango wa kanisa uko upande gani wamelisoma."

"Nerima, yule nilimtunga."

"Ulimtunga." Akalikamua shati kama anayenyonga kuku, kisha akashusha sauti. "Andati alimwona Matheka, yule wa nyumba ya mwisho, akishuka kwenye landrova ya polisi, nyuma ya soko. Akaniambia mimi tu, tumejifunika blanketi. Leo naona maneno ya blanketi langu kwenye gazeti la kanisa, chini ya picha ya Mchungaji!"

Kicheko kilinikauka. "Mimi nilikuwa sijui," nikamwambia. "Ndiyo kwanza umeniambia."

Aliziba mdomo kwa mkono uliojaa povu. Tukabaki tunatazamana, na maji yakawa yanafurika kwenye karai langu bila mtu wa kuyafunga.

Huo ulikuwa mwaka wa njaa, wa unga wa njano, mwaka wa pili tangu ile Agosti ya bunduki, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali. Hapa mtaani Maringo tulikuwa tumejifunza kuongea kwa kuchagua. Katika laini yetu walikuwa wamechukuliwa na askari wanaume wawili. Mmoja alirudi, na tangu arudi alikuwa akikaa mlangoni akitazama viatu vyake. Wa pili, mkewe alikuwa bado akimwekea chakula jioni na kukimwaga asubuhi.

Mimi si mtu wa shule nyingi. Nilisoma hadi darasa la saba, nikaolewa na Mulwa, na Mulwa alipofariki nikabaki na Nzilani, binti yetu, na vyondo, vikapu vya katani ninavyosuka na kuuza. Mkono unasuka, kichwa hakina kazi, basi kichwa nacho kikaanza kusuka. Mtu anakuja na sauti yake, anakaa, anagombana na mkewe, na mimi ninaendelea kuzungusha katani. Hadithi ikienda upogo nafumua mistari miwili mitatu ya kiondo, na nikirudia kusuka, yenyewe hunyooka. Ikishakaa vizuri ndipo naiandika, baada ya sala, mezani, na penseli ninayoichonga kwa kisu cha jikoni.

Mara ya kwanza nilikwenda kumuuliza Mchungaji kama kutunga ni kusema uongo, maana sikutaka Mungu anishike kwa jambo ninalolipenda hivyo. Akaniambia, "Mama, Bwana Yesu alisema mtu mmoja alikuwa na wana wawili. Ulisikia akitaja jina la huyo mtu?" Nikaenda zangu na amani. Tangu hapo walikuwa wananichapisha kwenye gazeti la kanisa. Siwezi kuficha furaha ile, ya kuona jina langu, Nzembi Mulwa, limepigwa chapa likiwa halina hata doa. Mwanamke mmoja alitoka mtaa wa Huruma kwa miguu, mtoto mgongoni, kuja kuniuliza kama yule mama wa hadithi ya Pasaka mwishowe alimpata mwanawe. Nikamwambia alimpata. Akalia, akanywa uji, akarudi kwake. Siku hiyo nilijiona tajiri.

Hadithi ya mtu wa kofia nilikuwa nimeipeleka mwezi wa tatu. Ni ya mwanamume anayekuja mferejini na debe tupu. Wanawake wamepanga foleni wanaongea, na yeye kila akifikiwa na zamu anasema, "Tangulia, mama." Wote wanamsifu kwa heshima yake. Debe lake halijai kamwe, kwa sababu hakuja kuteka maji, amekuja kuteka maneno. Basi. Nilimvika kofia ya kahawia kwa sababu Mulwa alikuwa na kofia ya kahawia na najua jinsi inavyokaa kichwani.

Gazeti likakawia kama kawaida yake. Mwezi wa sita Matheka akahamia nyumba ya mwisho, kapera, mtu wa Ukambani kama mimi, mpole, na kofia ya kahawia. Nilimwona mferejini siku ya kwanza akimwambia Nerima, "Tangulia, mama," na mwili ukanisisimka wote kama niliyeona nguo zangu zimevaliwa na mtu nisiyemjua. Nikataka kukimbilia kwa Mchungaji wairudishe hadithi. Kisha nikajisemea, Nzembi, kofia za kahawia ni nyingi, na heshima si dhambi. Mwezi wa kumi gazeti likatoka.

Sikujua kitu. Nasema hivi mbele za Mungu. Lakini baada ya swali la Nerima, nilikuwa najua.

Wiki ile ilinikondesha. Watoto ndio walioiharibu kabisa. Wakimwona Matheka anapita wanaimba, "Tangulia, mama! Tangulia, mama!" kisha wanatimua mbio nyuma ya vyoo. Mwanzoni alikuwa anacheka nao, hata akiwarushia peremende. Siku moja hakucheka. Alisimama, akawaita kwa upole, akawauliza wimbo huo wameutoa wapi. Mtoto wa Nerima, Laban, ndiye aliyemjibu kwamba ni wa hadithi ya Mama Nzilani, kwa sababu Laban ana adabu na hujibu wakubwa.

Jumamosi alasiri nikasikia hodi.

"Karibu," nikasema, na moyo wangu ukasema usikaribie.

Matheka aliinama kuupita mlango. Alinisalimu kwa Kikamba, akaniita mwaitu, kama mtoto anavyomwita mama yake kwetu, akaweka mezani pakiti ya sukari. Siku hizo sukari ilikuwa inauzwa chini ya kaunta kwa wanaojuana. Mgeni akija na zawadi huwezi kuirudisha, hata kama ungetamani kuitupa dirishani. Nikashukuru, nikawasha stovu.

Ukuta wetu hausitiri hata kikohozi. Upande wa pili, kwa kina Nerima, Andati alikuwa amefungua redio, mpira, na kila mara alikuwa anakohoa kile kikohozi chake cha dereva wa lori. Matheka alikuwa anasikiliza huko kuliko alivyokuwa ananisikiliza mimi.

Nilimmiminia chai, nikamtilia sukari yake, nikakoroga. Nilipofika kwenye kikombe changu mkono ulikataa. Nikaketi na chai yangu kavu, isiyo na sukari, nikachukua kiondo nisuke.

"Mwaitu, unaandika vizuri," akasema. "Nimesoma."

"Ni neema tu."

"Yule jamaa wa mferejini. Nimempenda. Ulimtoa wapi?"

"Kichwani, mwanangu."

Akatabasamu. "Sisi ni watu wa nyumba moja. Hatufichani. Mambo mengine hayatoki kichwani, lazima mtu ayaone. Nani alikuambia?"

"Hadithi hiyo niliipeleka mwezi wa tatu. Wewe ulikuja wa sita."

"Gazeti ni la mwezi wa kumi." Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto hesabu. "Mwaitu, mimi sina ubaya na wewe. Mjane, mtu wa kanisa, una binti. Hii nyumba bado iko kwa jina la marehemu, sivyo? Watu wakianza kukuulizauliza utasumbuka. Wanataka jina moja tu. Na kusema kweli, mimi tayari ninalo. Nataka kusikia kama linafanana na lako." Akaelekeza kidole gumba kwenye ukuta. "Andati alikuambia?"

"Andati hajaniambia neno hata moja," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli, nikaisema nikimtazama machoni.

Akanichunguza. Alikuwa hodari, aliona ni kweli. Kisha akageuza kichwa kidogo, kama kuku anayechagua punje.

"Basi mkewe."

Sijazoea kusema uongo. Si kwamba mimi ni mtakatifu; uongo wangu huonekana usoni, Mulwa alikuwa akinicheka kwa hilo. Ningesema hapana, angeona. Ningenyamaza, angeona. Redioni watu walipiga kelele za goli, na Nerima akacheka upande ule, cheko lake la kawaida, lisilojua kitu. Nikamwona akilini Laban na viatu vya shule, anaulizwa baba yako yuko wapi. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nifungue kinywa au nikifunge, lakini usiniache hivi.

Nikatazama chini. Niliona kikombe changu, chai kavu, na pakiti ya sukari kando yake.

"Matheka," nikasema, "wewe huamini kwamba mtu hutungwa. Kunywa chai. Nitakutungia ukiona kwa macho yako, na mkono wangu uko hapa kwenye kiondo. Halafu uniulize tena."

Akacheka. "Haya, nitungie."

Nikazungusha katani.

"Mtu wa kofia ana mama. Mwisho wa mwezi huenda kumwona. Hushuka barabarani na mzigo wa vitu ambavyo kijiji kizima hakina: mafuta, sabuni, sukari. Majirani wanasema, yule mama amebarikiwa, mwana kama huyo. Mama humpokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni mwanawe. Humchemshia chai. Kikombe cha mwana hukitia sukari mara tatu na hukikoroga mwenyewe, kama alivyokuwa akimkorogea alipokuwa mdogo."

Matheka alikuwa bado anatabasamu. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Kikombe chake mwenyewe hakitii sukari. Mwana anamuuliza, mama, mbona hutii sukari? Anajibu, ni meno, mwanangu. Nayo meno amebakiwa na mawili."

Tabasamu lilibaki midomoni, lakini macho yalikuwa yameondoka. Niliogopa zaidi kuliko mwanzo. Sikuwa nikimtisha, nilikuwa naona tu, kama ninavyoona siku zote, na nilichokuwa nakiona kilikuwa kinatembea chumbani mbele yetu. Sikuweza kukifumua.

"Mama hamuulizi anafanya kazi gani mjini. Aliuliza mara moja, akajibiwa ofisini, akasema Mungu ni mwema. Lakini usiku wa manane anajua; hakuambiwa na mtu, ni tumbo lililomzaa lililomwambia. Siku moja mwana anatafuta kiberiti, anafungua kabati la mama yake, na humo anakuta pakiti za sukari. Zote alizoleta. Zimepangwa vizuri, moja juu ya nyingine, kama matofali. Hakuna iliyofunguliwa ila ile moja ya kikombe chake. Anafunga kabati polepole ili lisilie. Anarudi kuketi. Mama anamwambia, kunywa chai, itapoa. Naye anakunywa, kwa sababu afanye nini? Na mwisho wa mwezi ukifika anaenda dukani kununua nyingine."

Hadithi iliishia hapo. Mkono haukuwa umeacha kusuka, na nilipoangalia mstari ulikuwa umenyooka.

Matheka alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, akiizungusha ukingo kama anayetafuta mahali ilipochanika. Bila kofia alikuwa kijana sana. Alikuwa na kovu dogo utosini, la kuanguka mtini labda, na mtu aliwahi kulipaka dawa na kulipuliza.

"Si kabati," akasema.

Nikavuta uzi mwingine wa katani.

"Ni sanduku. La nguo zake za kanisa."

Chai yake ilikuwa imefanya utando juu. Nikasema, kwa sauti ndogo iliyonibaki, "Na hilo, mwanangu, nimeambiwa na dereva gani?"

Upande wa pili Andati alikohoa, akazima redio. Matheka aligeuza uso kwenye ukuta, kisha akakitazama kikombe changu, na pakiti yake iliyokuwa imefunguliwa upande mmoja. Akasimama. Alivaa kofia, akaivua tena, akainama kuupita mlango, na akatoka bila kuniuliza tena.