Watu wa Kufumba Macho

Kuku wa wifi yangu walikuwa wamelala kando ya mfereji, na kuku halali saa nne asubuhi. Nilisimama na ufagio mkononi nikiwatazama. Jogoo, yule mshenzi aliyezoea kunidonoa vifundo vya miguu kila nikienda stoo, alikuwa chali, kucha juu. Nikamsukuma kwa ncha ya ufagio nikitumaini atanirukia usoni. Hakuruka.

Mfereji ule unapita nyuma ya jiko la kanisa. Jana yake kina mama wa maombi walikuwa wamemwaga hapo maji waliyooshea mahindi. Nililikumbuka hilo, nikajiambia acha upuuzi, kuku hufa kila siku kwa ugonjwa wa kideri.

Niwaambie kwanza mimi ni nani. Mimi ni mtunza stoo wa shirika la kanisa letu. Shirika ni neno kubwa: ni vyumba vichache nyuma ya kanisa, gari lililochoka, kaka yangu ambaye ndiye mchungaji, mke wake, kina mama wa maombi, na mimi dada mtu ninayegombana na kila mmoja wao. Kazi yetu ni kuwahudumia watu wa msituni, waliokuwako huku kabla babu za babu zetu hawajafika, wanaoishi kwa kuwinda na kurina asali katika msitu unaokatwa kila mwaka ukazidi kupungua. Tunawapelekea chakula, dawa na mablanketi. Tunawapelekea na binti yangu, anayekaa kwao siku kadhaa kila wiki akiwafundisha watoto kusoma. Yeye tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi hata akiwa usingizini.

Wao wanatuita watu wa kufumba macho. Kabla ya kugawa chochote sharti tuombe, na kaka yangu akianza kuomba hana breki. Tukifumbua macho tunawakuta wametukodolea yao, wanatutazama kwa huruma kama tunaumwa. Kisha kaka huuliza kwa sauti, "Nani ametoa?" Nao, kwa kuwa wamezoea na wana njaa, hujibu, "Mungu ametoa!"

Kaka hana mchezo na jambo hilo. Tenda wema nenda zako, ndiyo kauli yake, ameiandika hadi kwenye mlango wa gari. Hataki mtoaji aonekane. Kwa hiyo kila gunia linalokuja na jina la duka au la mfadhili, kina mama hulifungua, huyamimina yaliyomo kwenye turubai, kisha huyatia kwenye magunia meupe yasiyo na alama hata moja. Mimi ndiye ninayeyashona midomo. Yale magunia ya zamani hukatwa yakawa ya kufutia miguu mlangoni.

Nilirudi mlangoni pa stoo, nikajikuta nimesimama juu ya moja. Lilikuwa jipya, limetandikwa upande wa maandishi ukiwa chini, maana hata sakafu haitakiwi kumjua mtoaji. Niliinama nikaligeuza. Fuvu la kichwa likanikenulia meno, na chini yake maandishi meusi: mbegu hizi zimetiwa sumu ya wadudu, si chakula cha binadamu wala mnyama.

Nilimwita wifi yangu kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

"Wifi! Lile gunia la mbegu za bustani alilotuahidi yule bwana mfadhili liko wapi?"

Alitoka jikoni akijifuta mikono. "Mbegu gani? Yule bwana alileta mahindi, tukayachanganya yote. Mengine yalikuwa mekundu mekundu, tukadhani rangi ya gunia imechuja. Tukayaosha, tukayaanika. Utampaje mtu chakula kichafu?"

Nilimwonyesha fuvu, kisha nikamwonyesha kuku. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na gauni lake la kitenge kipya. Wifi yangu ni mtoto wa mjini, baba yake fundi saa, mbegu ya dawa hajawahi kuiona. Lakini mimi nimelima. Jana niliporudi kutoka kliniki na presha yangu niliyakuta mahindi yamekauka kwenye turubai, mengine yana wekundu kidogo, na nikayaona. Nikasema moyoni labda ni aina nyingine. Nikashona magunia haraka haraka kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi.

Gari lilipeleka magunia alasiri hiyo hiyo ya jana, likarudi tupu. Chiriku alibaki huko.

Mahindi makavu hayapikwi papo hapo. Wameyaloweka usiku, nikahesabu, asubuhi wameyateleka motoni, mchana yataiva. Huko hakuna mtandao wa simu hata upande juu ya mti. Kulikuwa na jambo jingine nililolijua, baya zaidi. Watu wale hawali kabla ya mgeni. Bakuli la kwanza ni lake, na wengine wote, hata awe mtoto analia, humsubiri mpaka aseme ameshiba. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni wao leo alikuwa mwanangu.

Wifi alibaki kupiga simu hospitali. Mimi na kaka tulijitupa garini. Dereva wetu tunamwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno asilolijua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwambia aongeze mwendo.

"Mama Stoo, gari litafumuka," akasema.

"Lifumuke tukishafika."

Kaka alikaa katikati yetu, mikono ameifumbata magotini, midomo ikicheza. Alikuwa amefumba macho. Hasira ilinipanda juu ya woga, na sijui kati ya viwili hivyo ni kipi kilinishika zaidi.

"Fumbua macho, wewe!"

"Dada, namwomba Mungu."

"Mwombe ukiwa unatazama njia!"

Hata hivyo mimi pia nilikuwa naomba. Sitadanganya kwamba niliwaombea watu wa msituni na watoto wao. Nilikuwa na ombi moja, nikilirudiarudia kila gari liliporuka shimo: asile Chiriku, asile Chiriku, asile Chiriku. Kama ingelazimu mtu ale, basi ale mwingine. Sikulisema hivyo kwa maneno. Lakini ndivyo lilivyokuwa.

Kabla ya kufika, tulikuta gogo limelala njiani. Wakata mbao walikuwa wameliangusha na kuondoka zao. Taratibu alishuka akalitazama, akashika kichwa. Sikungoja. Nilipanda juu yake na gauni langu, nikashukia upande wa pili, nikaanza kukimbia. Ndala moja ilibaki matopeni, nyingine nikaitupa mwenyewe. Nyuma nilimsikia kaka akihema, na mbali Taratibu akipiga honi, akidhani labda watasikia. Watasikia, halafu? Watajua wageni zaidi wanakuja, watachochea moto.

Nikasikia harufu. Mahindi ya kuchemsha, yameiva, yana utamu wake ule ule. Ni harufu ninayoipenda tangu utotoni, na leo nilizidi kuikimbilia kwa woga.

Uwanjani kila nyumba ilikuwa na chungu chake motoni, kimefunikwa. Watu walikuwa wamekaa, mabakuli matupu mapajani, wakisubiri. Chiriku alikuwa kwenye kigoda cha mgeni, na mbele yake bakuli lililokwisha liwa likabaki maji tu.

"Msile!" nilipiga kelele. "Msile! Ni sumu! Chiriku, umekula? Sema, umekula?"

Chiriku, asiyenyamaza hata usingizini, alinyamaza. Nilimshika mashavu, nikamfungua mdomo kama ng'ombe wa mnadani.

"Mama, leo ni Ijumaa," akaninong'oneza. "Nimefunga kwa maombi. Sikutaka kuwaudhi, nimejifanya nakula."

"Hujala?"

"Sijala."

"Asante Mungu!" nilisema. Nilisema kwa sauti, nikapaza tena, "Asante! Asante, Baba! Hajala!" Nilimkumbatia nikilia, pua yangu kwenye shingo yake, na nikahisi uzito wote wa asubuhi ile ukinitoka.

Ndipo nikaona, juu ya bega lake, mwanamke amesimama akinitazama. Nilimfahamu. Huleta asali mjini na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Ni mama yake Kidole, kale katoto ka kike kanakomfuata Chiriku kila mahali kakiwa kameshika kidole chake kimoja.

"Mama," Chiriku akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mama, bakuli nimempa Kidole. Nyuma ya nyumba, asionekane. Amekula lote."

Kaka alifika. Sijamwona akiwa hivyo tangu tukiwa watoto. Hakuomba, hakuuliza nani ametoa. Alipita akipindua vyungu kwa miguu, maji ya moto yakimrukia kwenye suruali, akipaza, "Sumu! Mwageni! Sumu!" Watu walisimama wakifoka. Wana haki. Mtu amekuletea chakula leo, kesho yake anakimwaga mbele ya wanao wenye njaa. Mama yake Kidole aliwatafsiria kwa maneno machache, na wote wakatutazama sisi. Kwa kuwa mgeni alikuwa hajasema ameshiba, hakuna mwingine aliyekuwa ameonja hata punje.

Kidole tulimkuta nyuma ya nyumba, amejikunja, mate yanamtoka kuliko kawaida. Alikuwa na doa la wekundu kidevuni. Alipomwona Chiriku aliinua mkono kutafuta kidole chake.

Nilimbeba mimi. Mama yake alitaka kumchukua, nikamwambia nina mbio zaidi, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo, lakini sikuweza kumwachia. Tuliruka gogo. Taratibu alikuwa amekwisha geuza gari. Njia nzima mtoto alikuwa akitapika juu ya kifua changu, na kila akitapika nilifurahi, na kila akiacha niliweka sikio puani mwake. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Chiriku alikaa chini, miguuni petu, amempa kidole akishike, akimhadithia vituko visivyo na mwisho wala maana, akilia huku anahadithia. Mama yake Kidole alikaa pembeni yangu. Hakulia. Alikuwa akitazama maandishi ya ndani ya mlango, maana kaka aliandika na huko pia: tenda wema nenda zako. Najua anajua kuyasoma, Chiriku ndiye aliyemfundisha.

Hospitali walikuwa wanatungoja. Walimnyang'anya mikononi mwangu, wakaingia naye, mlango ukafungwa. Nikabaki na gauni lililolowa matapishi na mikono isiyo na kazi.

Daktari alipotoka jua lilikuwa limeanza kushuka. Alisema wamemsafisha tumbo, wamemtundikia dripu. Alisema kuoshwa kwa mahindi yale kumepunguza sumu, na huenda kukamwokoa. Wifi yangu, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa, aliangua kilio aliposikia hivyo, akasema, "Mnaona? Tuliyaosha vizuri." Maskini wifi. Daktari akaongeza kwamba hawezi kutuahidi kitu, kwamba usiku huu ndio utakaosema. Akaturuhusu tuingie wachache.

Kidole alikuwa kitandani, mdogo kiasi kwamba shuka lilionekana limetandikwa tu. Chiriku alijipenyeza ukutani akampa kidole, na vidole vile vidogo vikakifumbata. Vilikifumbata, niliona kwa macho yangu, ingawa kwa unyonge. Mama yake alikaa kwenye benchi. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa bado na hofu, hofu nyingine sasa, ya kumwangalia usoni.

Kaka alisafisha koo. "Ndugu zangu, tuombe." Akafumba macho. Wifi akafumba. Nami, kwa mazoea ya miaka mingi, nikafumba, na niseme kweli nilishukuru kupata mahali pa kujificha.

Kabla hajaanza nilisikia sauti ya mwanamke yule. Haikuwa ya ugomvi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Nani ametoa?"

Nilisikia dripu, nilisikia magurudumu ya kitoroli huko nje. Nilisubiri kaka aseme lile jibu, na nilijua akilisema nitampiga mbele ya mgonjwa, mchungaji asiwe mchungaji. Hakulisema.

"Leo uwanjani ulishukuru," mama yule akaendelea, nami nikajua anasema na mimi. "Ulishukuru mwanao hajala, wakati wangu amekula. Sikulaumu, hata mimi ningeshukuru. Lakini chakula kile, nani ametoa?"

Nilifumbua macho.

"Mimi," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Ni mimi, mama. Nilimtuma mwanangu kwenu, nikawashonea magunia. Niliona wekundu, nikashona."

Alinitazama. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa kufukuzwa. Kaka alinigusa kiwiko, akaninong'oneza kwamba labda sasa tuwaache wapumzike, tuondoke, tutarudi kesho.

Mama yake Kidole alisogea kidogo kwenye benchi, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Wao waende," akasema. "Wewe kaa hapa. Usifumbe macho, na usiondoke mpaka aamke."