Picha ya Ndahiro Kisandukuni

Kampire alikuwa na ukurasa wake kwenye intaneti, unaitwa Mpakani, na kwa miaka sita aliuendesha peke yake kutoka chumba kimoja cha mtaa wa Mbugangari, juu ya duka la vitenge. Aliandika saa za kufungwa kwa mpaka, bei ya viazi, mtaa gani umekatiwa maji, na zaidi ya yote, vifo. Watu wa Gisenyi, mji ulio mpakani na Kongo, wana ndugu ng'ambo na ndugu milimani, na mtu asipofikiwa na tangazo la msiba atanuna mwaka mzima. Kampire alilijua hilo, na ndilo lililomtafutia wasomaji.

Kilichomkuza kabisa ni kisanduku. Kampuni moja ya mbali, ambayo hakuwahi kuuona hata mlango wake, ilimpa bure kitu cha kupachika kwenye kurasa za watu wengine. Wataalamu wanakiita wijeti. Kampire na wateja wake walikiita kisanduku, basi. Ukikipachika kwako, habari za Mpakani zinajileta zenyewe, picha moja ikitoka nyingine inaingia, na katikati yake kampuni inachomeka matangazo yake ya sabuni na mikopo. Duka la dawa lilikipachika, hoteli mbili za ufukweni, parokia, hata ushirika wa wakulima wa viazi kule Bugeshi, wenye skrini ukutani ya kuonyesha bei. Bugeshi alipanda mwenyewe kuwashawishi. Aliwaambia kwamba mkulima anayengoja mzani naye anastahili habari. Maneno hayo atayakumbuka mpaka siku anazikwa.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mzee Bizumuremyi alipanda ngazi polepole akaketi bila kusalimu. Alikuwa ameshika picha. Ndahiro, mtoto wa marehemu kaka yake na dereva wa lori, alikuwa ameacha barabara alfajiri upande wa Kongo, na hakutoka hai. Katika picha Ndahiro anacheka, amevaa suti ya kuazima siku ya harusi ya binamu yake.

Kampire alilia. Mama yake Ndahiro, Mukandori, alikuwa jirani yao miaka ile waliporudi kutoka ukimbizini Masisi na turubai moja kwa familia mbili. Siku wazee walipomletea Kampire habari ya kifo cha mama yake mzazi, Mukandori ndiye aliyekaa nyuma yake akamshika kiuno kwa mikono miwili. Ndivyo desturi ya watu wao ilivyo. Habari ya kifo haimfikii mama kwa simu. Wanakwenda wazee watatu, wanavua kofia, wanaomba maji ya kunywa, majirani wanaitwa kimyakimya, na mwanamke mmoja anakaa nyuma ya mfiwa. Anapewa mtu wa kumshika kabla ya kupewa neno. Mukandori sasa ni mjane wa miaka sabini, analima viazi Bugeshi, presha inampanda na kushuka, na Ndahiro ndiye mtoto aliyekuwa amebaki.

"Utaweka saa kumi," Bizumuremyi alisema. "Mbele ya saa kumi, hapana. Mama yake asikie kwa kinywa yetu."

Alieleza kwamba wanamngoja mzee mwenzao Karekezi atoke Cyanzarwe, kisha watapanda Bugeshi kwa gari, na ifikapo saa tisa watakuwa wamefika. Kampire aliahidi. Aliandika tangazo papo hapo, kwa kuwa umeme wa mchana hauaminiki, akaweka picha, akapanga litoke saa kumi kamili, akalikagua mara mbili. Alifanya kila kitu kama alivyokuwa amekifanya miaka sita.

Saa saba simu ililia. Alikuwa Connie mwenye duka la dawa, anatoa pole, anauliza mazishi ni lini.

"Umejuaje?" Kampire aliuliza.

"Si nimeona kwenye kisanduku chako? Tangu saa tano anapita hapa."

Alifungua ukurasa wake mwenyewe: hapakuwa na kitu, tangazo limelala likingoja saa kumi. Alifungua ukurasa wa duka la dawa, na Ndahiro akamcheka usoni. Parokia, Ndahiro. Hoteli, Ndahiro, halafu sabuni. Ndipo alipoukumbuka waraka wa miezi mitatu iliyopita, mrefu kama misa ya Pasaka, ambao kampuni ilimtumia, naye akabonyeza Kubali bila kusoma, kama wewe na mimi tunavyobonyeza. Aliutafuta akausoma leo. Kisanduku kimeboreshwa, ulisema. Sasa kinachukua habari mara tu inapoandikwa, hata kabla ya saa yake, ili wasomaji wa kurasa zote wasicheleweshwe.

Alilifuta tangazo. Halikufutika kule. Nakala hubaki visandukuni kwa muda wa saa kumi na mbili, ndivyo waraka ulivyosema. Aliiandikia kampuni, mashine ikamjibu kumshukuru kwa kuwasiliana nao. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga mwenyewe, kwa mabomba aliyoyatandaza kwa jasho lake.

Akaikumbuka skrini ya Bugeshi.

Niyonsaba, karani wa ushirika, alipokea simu akinong'ona. Mukandori yuko pale tangu saa sita, alisema, ameleta viazi vyake, na ameshaona. Niyonsaba akaendelea, na alichoendelea kukisema kilikuwa kibaya kuliko alichokihofia: mama hajui kusoma. Ameona picha ya mwanawe tu, na amefurahi. Anaita kila anayeingia aje kumwona mtoto wake kwenye televisheni. Niyonsaba alinyoosha mkono kuizima, mama akaushika, akamuuliza mtoto wake amewakosea nini. Sasa akiizima kwa nguvu atakuwa amemwambia.

Kampire alimpigia Bizumuremyi; wazee ndio kwanza wanaondoka mjini. Hakusubiri. Alichukua pikipiki na kupanda nayo mpaka baridi ya milima ya volkano ikamwingia mifupani, na njia nzima aliomba Mungu umeme ukatike. Siku zote hukatika. Siku hiyo haukukatika.

Kwenye ghala la ushirika watu kama ishirini walikuwa wamesimama kando ya kuta, wameinamisha vichwa. Katikati, juu ya gunia la viazi, Mukandori alikuwa ameketi akiitazama skrini, kitenge chake cha Jumapili mabegani. Inaonekana alimtuma mtu nyumbani akamletee.

"Kampire, mutoto yangu," alisema. "Mungu amekuleta. Hawa leo hakuna mutu iko na macho. Huyu ameacha miwani, huyu anasema maandishi ni madogo. We ndiye mwenye hii kisanduku. Nisomee."

Kampire alitazama. Juu, kwa herufi kubwa, TANGAZO LA KIFO. Katikati Ndahiro anacheka. Chini jina lake, na jina la mama yake, na chini kabisa hesabu ya watu waliokwisha kusoma. Hakuwahi kuichukia kazi yake kabla ya dakika ile, na tangu dakika ile hajawahi kuipenda tena.

"Inasema jina lake," alijibu. "Na jina lako, mama. Ndahiro, mwana wa Mukandori."

"Jina yangu?"

"Lako."

Bibi alificha mdomo kwa pindo la kitenge, akacheka. Aliwageukia watu wa ukutani akawaambia kwamba jina lake halijawahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya mzani, na leo mwanawe amelipandisha ukutani. Mwanamke mmoja alitoka nje akiwa ameziba pua na mdomo kwa mkono.

"Na ile ya juu? Ile kubwa?"

Kisanduku kikamwokoa Kampire kwa namna yake: Ndahiro akaondoka, sabuni ikaingia.

"Si kitu," Mukandori alisema, akijiweka sawa juu ya gunia. "Iko anaenda, iko anarudi. Nimemuangalia sana."

Gari lilisimama nje. Wazee walikuwa wamepita nyumbani kwake, wakaelekezwa huku. Aliingia Karekezi, kofia mkononi. Akaingia wa pili, kofia mkononi. Akaingia Bizumuremyi, kichwa wazi, akaomba maji ya kunywa kwa sauti iliyokauka.

Mukandori alimtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanamke huyu alikuwa ameshika viuno vya wanawake wengi maishani mwake. Hakuhitaji kuelezwa wazee watatu wanatafuta nini siku ya Jumanne. Furaha haikumtoka usoni mara moja. Ilibaki pale, haina kazi, kisha ikaisha.

Aliigeukia skrini. Ilikuwa inaonyesha bei ya viazi.

"Mungoje," aliwaambia. "Mungoje kidogo. Atarudi."

Wakangoja. Nyuma yake hapakuwa na mtu, kwa kuwa katika ghala lile hakuna aliyepangiwa kukaa hapo. Kampire alipiga magoti sakafuni, akamzungushia kiuno mikono miwili, na kupitia kitenge akausikia moyo wa bibi ukienda mbio. Mkopo ukapita. Saa za mpaka zikapita. Ndahiro akarudi, anacheka, na hesabu chini yake ilikuwa imepanda.

"Bon, haya," Mukandori alisema. "Sasa nisomee ile ya juu."

Bizumuremyi aliinua mkono kumzuia Kampire, maana kinywa cha kutoa neno kilikuwa cha wazee. Kisha akaushusha.

Kampire akasoma.