Namba Tisa Mbele ya Namba Moja

Pikapu ilikuwa imeshaiacha Shume nyuma, letusi za Mwanahamisi zikitikisika chini ya turubai, simu ilipolia. Alikuwa Hafidhi, mdogo wake, muongoza ndege, aliyekuja likizo na akili nyingi kuliko nguo.

"Dada, ninyi ni namba moja. Mwambie shemeji aongeze mwendo."

Kazini kwake mjini Hafidhi alikuwa na mtambo unaoziona ndege zingali mbali, ukazipanga foleni, hii ukaiambia kaza, ile punguza, zisije zikarundikana juu ya kiwanja zikizunguka kama kunguru. Alipoona magari ya mboga yanavyobanana sokoni Lushoto, kila dereva akitaka lori la Dar lipakie mzigo wake kwanza, alicheka mpaka akakohoa. Akatengeneza mtambo wake mdogo wa simu, kila gari likapewa namba na dakika yake ya kufika. Wazee wakampigia makofi. Msomi hapingwi, husubiriwa tu.

Lori liliondoka saa tisa kamili kila siku. Na letusi hailali: ikikosa lori leo, kesho ni takataka. Hoteli iliyoagiza ilishamwambia Mwanahamisi kwamba akichelewa tena, basi.

Walipopita Magamba wakaikuta Landrova kuukuu ikitambaa katikati ya barabara. Twaha, mumewe, akakanyaga breki na kuvua kofia.

"Mpite!" alisema Mwanahamisi.

"Nimpite baba mkwe? Nimtimulie vumbi la uso? We mwanamke, unataka nihame wilaya?"

Nyuma yao magari saba yakajipanga kwa adabu. Hapakuwa na dereva hata mmoja ambaye hakuoa kwa huyo Mzee Kassimu au kwa ndugu zake.

Mwanahamisi akashuka, akaifuata Landrova. Hakuhitaji kukimbia.

"Shikamoo baba. Kaa pembeni tupite, letusi zinakufa."

"Marahaba mwanangu. Mimi namba tisa, sina mzigo wa lori. Mtambo wa Hafidhi umeniambia nipunguze mwendo. Kukaa pembeni haukuniambia."

Mwanahamisi akampigia Hafidhi. "Mwambie baba apishe!"

"Dada, mimi nimwamrishe baba?"

"Si unaamrisha ndege zenye watu mia tatu?"

"Wale marubani hawakunizaa."

"Basi huo mtambo wako uambie kwamba huku watu wana wakwe!"

Saa tisa lori likaondoka, nusu tupu.

Hoteli ikapata letusi kwa mtu mwingine. Mwanahamisi akang'oa zilizobaki shambani, sasa analima karoti. Twaha bado anaendesha pikapu. Hafidhi alirudi mjini, akaandika ripoti kwamba siku ile msongamano sokoni ulikwisha kabisa, wakampandisha cheo. Mzee Kassimu alifika saa tisa na dakika ishirini, dakika ileile aliyopangiwa, akakuta soko limefagiliwa, akageuza gari.